Risasi Shingoni

Jumanne, Tartu, theluji imekuwa tope.
Maarika ananivika aproni nzito,
anafunga na ukosi wake shingoni,
taratibu, juu ya uvimbe
ambao majibu yake yatatoka Ijumaa.
Leo risasi ndiyo ngao.

"Kuna lolote nijue?" Huwauliza wote.
Ningeweza kusema hakuna.
Jino ni la nyuma, linauma tangu Krismasi,
na mimi nimekuja kwa jino.

Namwambia.

Anavuta kigoda, anakaa.
"Ingekuwa picha ya desturi, ya kila mwaka,
ningesema ingoje.
Hii ina kazi. Na mionzi yake
ni kama ya siku moja ya kuishi tu:
udongo, mawe ya ukutani, anga.
Matibabu yakija, usaha hautapanga foleni."

Siku moja ya kuishi.
Nimezitumia ngapi bila kuhesabu,
nikinung'unikia supu,
nikisubiri basi la Annelinn?

Anatoka, anafunga mlango. Wao hutoka.
Nauma kipande cha plastiki.
Mlio mfupi, kama mbu aliyeghairi.

Kwenye skrini jino langu ni jeupe, mizizi miwili,
na chini ya mmoja, kivuli.
"Hiki hapa!" anasema, karibu kwa furaha.
Kivuli chenye jina, chenye dawa,
cha kumalizwa kabla ya saa sita.

Ananivua risasi.
Shingo inakuwa nyepesi,
halafu inakumbuka.