Wasomaji wa Chumba cha Saba

Muhuri ulikuwa na pembe sita, kama nati ya baiskeli.
Mirdza Kalve aliugonga ukurasa wa kwanza,
akaugonga tena ukurasa wa kumi na saba,
na kitabu kikawa hakipo.
Hakikuchomwa, hapana. Riga ya mwaka hamsini na mbili
ilijua kwamba moshi una mdomo.
Kilipandishwa ngazi, kikafungiwa Chumba cha Saba,
na kadi yake ikang'olewa katika droo ya umma
kama jino.

Humo vililala vilivyotoka ng'ambo:
magazeti ya mitindo ya Paris,
kamusi ya Kiswidi, ramani za bandari ya Hamburg,
riwaya za Kijerumani za daktari wa meno aliyependa kusafiri,
na kitabu cha kufuga nyuki, cha Kiingereza,
kilichopewa kifungo cha maisha kwa mstari mmoja,
pale kwenye shukrani,
uliomtaja waziri aliyetoroka.
Nyuki hawakuulizwa.

Wahenga wanasema akiba haiozi.
Hawakuijua kanuni ya arobaini na moja:
kitabu kisichoombwa kwa miaka mitano
ni karatasi tu. Kipelekwe kiwandani,
kipondwe, kirudi mjini kama boksi la viatu.
Na nani angeomba? Kuomba kulitaka barua,
barua ilitaka saini mbili,
na saini ya pili ilikuwa ya mtu
aliyependa kujua kwa nini unataka kujua.

Mimi nilikuja mwaka themanini na tisa,
fundi wa kujalidi, mikono inanuka gundi,
siku walipotuambia: fungueni.
Vumbi lilikuwa limeota manyoya.
Nikakishika kile cha nyuki, nikachomoa kadi mfukoni mwake
nikitarajia weupe.

Zelma Krastiņa, mfuga nyuki. Machi 1954.
Zelma Krastiņa. Machi 1959.
Zelma Krastiņa. Machi 1964.
Hivyo hivyo hadi chini, bila kukosa,
kama mtu alipaye kodi ya kaburi.
Kamusi ya Kiswidi: Osvalds Birnis, nahodha.
Ramani: Osvalds yuleyule.
Mitindo ya Paris: Hermīne Saulīte, mshonaji.

Jioni nilimsomea mama majina.
Alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama.
"Zelma alikaa ghorofa ya pili," alisema.
"Alikuwa na mizinga juu ya paa.
Walimchukua na treni, Machi ya arobaini na tisa.
Hata huko walikompeleka hakufika."
Akaendelea kumenya. Maganda yakatoka manene.

Jengo zima basi, ngazi kwa ngazi,
kwa kalamu ya risasi iliyochongwa kwa wembe,
na saini ya pili imeghushiwa
vizuri kuliko ya mwenyewe.
Mirdza aliwaita kutoka thelujini mmoja mmoja,
akawavutia viti, akawawashia taa,
akampa kila mtu kitabu chake.

Kamati ilikutana Jumanne.
Kijana mmoja, Raitis, koti la jinzi, akasimama:
"Huyu mama amegonga muhuri mara elfu sita,
mia mbili na kumi na moja. Nimehesabu.
Jina lake lisiandikwe ukutani."
Mwingine akasema liandikwe.
Wakabishana mpaka chai ikafanya utando.
Mimi sikusema neno. Elfu sita ni kweli.
Mfukoni nilikuwa na kadi, na kadi nayo ni kweli.

Mwenyewe alikuwa hai, miaka themanini na mmoja.
Nilimkuta sokoni akichagua kabichi.
Nikamuuliza, kwa nini Zelma, kwa nini kile cha Kiingereza?
Akaibonyeza kabichi, akairudisha, akachukua nyingine.
"Zelma hakujua Kiingereza," alisema.
"Nilifikiri huko aliko
atapata muda wa kujifunza."
Kisha akageuka, akauliza vitunguu bei gani.