Kitabu cha Wageni, Lubumbashi

Barabara za lami, taa zote zawaka;
hoteli ina lifti, maji moto, mashuka
ya pasi. Mgeni ni mimi tu.

Kwenye makumbusho, Mama Ngoie
apangusa kitabu cha wageni.
Jina la mwisho: Chola.
"Mpwa wangu huyo. Alikuwa anajaribu kalamu."

Awasha taa chumba kwa chumba,
azima nyuma yetu.
Misalaba ya shaba, zamani fedha,
ililipa mahari; sasa imelala nyuma ya kioo,
hainunui hata chumvi.

Nje, jakaranda zimemwaga zambarau
juu ya benchi nne.
Nakalia moja; tatu naziomba radhi.

Kisha narudi ndani, nachukua kalamu,
naandika jina langu kwa herufi kubwa, kubwa,
hadi mistari mitano ijae.