Chumba Kisicho na Udi

Nje, wanaume wa Bahla wako juu ya mitende, wanachavusha.
Mimi nimo chumba cha baridi, nahesabu nyigu.
Wadogo. Manyigu wa kweli wangecheka:
punje ya ufuta iliyoota mbawa, basi.

Mlangoni pamebandikwa sheria:
*Asiingie mwenye manukato.*
Bwana Mahfudhi hunusa kola za watu
kama karani wa forodha.
Wenzangu walinung'unika; mji huu hata noti zinanukia ubani.
Mimi kimya. Nilikuwa ndani ya eda,
siku ya kumi na tisa,
na hapa tu hakuna aliyeuliza mbona sinukii.

Jike hamfuati kiwavi, hufuata uchafu wake,
harufu ya tende changa iliyotafunwa.
Humdunga, humlaza bila kumuua,
humpanga mayai ubavuni kama shanga,
kisha hukaa. Siku nyingi hukaa, analinda.
Sijui kama ni mapenzi. Daftarini naandika: *yupo.*

Dume hutangulia kutoka kifukoni
akawasubiri dada zake (ndiyo, dada zake, usinitazame mimi),
hupepea mbawa pale pale aliposimama
kwa harufu ambayo mimi, na pua yangu ya Kipemba
inayojua halua ya jirani imeungua,
siipati kabisa.

Lenyewe ni fupi kuliko kufunga kishikizo.
Baadaye jike hanukii vile tena.
Dume wa pili humgusa kwa papasi,
akaelewa, akageuka.
Hakuna mshenga. Hakuna wa kumwambia,
"Mwanamke wee, bado mbichi."

Na asiyeguswa huzaa vilevile,
wote wanaume.
Nilimsimulia wifi yangu Shinuna, akashika shavu:
"Subhana! Na mirathi je?"
Tukacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Jana ilitimia, miezi minne na siku kumi.
Shinuna akaja na chetezo na udi wa harusi yangu,
akanisimamisha juu ya moshi, kanga imenizunguka kama hema.
Ukapanda magotini, kwapani, nyweleni.
Nikalia, nikasingizia moshi.

Leo niko nje ya kioo.
Nimekoga mara tatu. Bado.
Mahfudhi ananusa, anarudi hatua moja, anakuna kidevu:
"Kesho, Bi Thuwaiba. Utawapoteza."
Nyuma ya kioo dume mmoja anapepea mbawa,
kaelekea huku kwangu.
Labda ni kiyoyozi.