Inchi Iliyopotea

Ulisema kwenye simu, Heledd:
"Mama, safari hii nyekundu usitie."
Nikasema sawa.
Nikavaa koti la mvua, nikashuka Tregaron
hadi dukani kwa Morfydd, ambako majora husimama ukutani
kama waumini waliochelewa kanisani wakakosa viti.

Nilivishika vyote. Kitambaa hakichaguliwi kwa macho,
macho hudanganywa na taa ya duka.
Nilikibana kila kimoja ndani ya ngumi, nikahesabu hadi kumi, nikaachia:
kinachobaki na makunyanzi hakijui kusamehe.
Nikavuta uzi mmoja pindoni. Nikanusa.
Nikauliza bei, nikakasirika, nikauliza tena.

Nikachukua kijivu cha mawe ya ukuta wa malishoni,
kijivu cha pili, cha kondoo kabla hajaoshwa,
samawati iliyofifia kama shati la tarishi,
na yadi mbili za rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda.
Morfydd akatazama furushi, kisha akanitazama mimi.
"Hii ni harusi, Eluned, au ni hali ya hewa?"
"Ni ya pili," nikamwambia.
Akapunguza bei.

Mfarishi wa kwanza niliushona miezi saba,
kitovu chake chekundu, ile nyekundu ya damu ya mzee,
flana ya sketi ya bibi yako.
Dilwyn aliondoka nao. Wewe alikuachia deni la paa.
Nasikia ameutandika nyuma ya gari, chini ya msumeno.
Sikuuliza zaidi. Kuna habari za kitambaa
ambazo aliyekishona hapaswi kuzisikia.

Hivi vipya nilivifua kwanza, ili virudi:
afadhali kitambaa kirudi sasa
kuliko kurudi baada ya harusi. Wajua mwenyewe.

Leo asubuhi nimefuta meza, nimeondoa birika,
nimemtoa paka nje mara tatu.
Pasi. Chaki. Futi mkononi,
inchi kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili,
na mkasi ukaingia.
Sauti ile huijui wewe unayenunua vilivyokwisha kushonwa:
ni ya kutafuna zaidi kuliko kukata,
kama farasi anayekula gizani.

Vipande ishirini na vitano.
Nikavipanga juu ya kitanda cha chumba chako cha zamani.
Kitanda kikachungulia pembeni.
Kila kipande kimepunguka, inchi moja kamili.

Futi, Heledd. Futi ya bibi yako,
ambayo Pero, yule mbwa mwenye sikio moja,
aliitafuna ncha mwaka uliozaliwa wewe.
Inaanzia kwenye moja.
Miaka thelathini na minne ninakata kwayo,
miaka thelathini na minne ninaongeza inchi kichwani
bila kufikiri, kama mtu anavyoruka
kidato kibovu cha ngazi ya nyumba yake.
Leo sikuruka.

Kitambaa kikishakatwa hakikui.
Duka limefungwa hadi Jumatatu, na kijivu kimekwisha.
Nikafungua sanduku la chini ya ngazi, nikitafuta chochote
cha kuzungushia kila kipande, kukirudishia inchi yake.
Sufu nyeusi: imeliwa na nondo.
Hariri ya tai za baba yako: inateleza, kama yeye.
Na chini kabisa, zimefungwa kwa kamba ya nyasi,
tepe nyembamba nilizozikata zamani kwa kazi niliyoisahau,
upana uleule unaotakiwa,
zinatosha vipande vyote na shubiri moja juu.

Masalio ya ile sketi.

Usinyamaze hivyo kwenye simu.
Mimi sikutia nyekundu. Hesabu ndiyo iliyotia.
Mstari tu, hata kidole hakifiki,
na mkizima taa hautaonekana.

Nimeshaanza kushona.
Nitumie upana wa kitanda cha Iestyn,
ila pima kwa futi yako.