Hodhi Uani

Tulipobandua karatasi za ukutani tulihesabu saba:
maua, mistari, maua tena, kijani cha hospitali,
na chini kabisa, gazeti
la mwaka ambao mama yangu alikuwa hajang'oka jino.
Vazha alilisoma akiwa juu ya ngazi:
mavuno ya chai, bei ya saruji,
tangazo la mtu aliyepotelewa na mbwa mwekundu.
"Hawakumpata," akasema,
kana kwamba alikuwepo.

Ufa tuliuziba. Ukuta tukaujenga vilevile;
kumbe ufa ndio uliokuwa umeushika.

Fundi Jumberi alisema kesho.
Kesho ikaja bila Jumberi,
ikaketi mezani, ikanywa chai yetu,
ikaondoka na patasi.

Mkate ulikuwa na chokaa, jibini ilikuwa na chokaa.
Usiku nilipomkumbatia mume wangu
nilikumbatia mfuko wa saruji unaokohoa.

Bi Eteri wa chini hapigi simu.
Ana kijiko, na bomba linalopita kwake na kwetu.
Pigo moja: drili hiyo, jamani, mna adabu gani?
Mawili: maji yamerudi, kingeni.
Matatu hatujawahi kuyasikia.
Tumeishi Sololaki tangu Machi, hatujauliza.

Hodhi tulilinunua kwa Zaza muuza vyuma,
limetoka hoteli iliyobomolewa,
kilo mia na kumi, miguu minne, mmoja si wake.
Lilipanda vidato tisa.
Kwenye kona likagoma,
maana ngazi zetu hujizungusha
kama mtu anayetafuta funguo zilizo mkononi mwake.
Wanaume watano walilisukuma.
Wa sita alikuja kutoa ushauri.
Likarudi chini, likawekwa uani
"kwa siku mbili."

Mwezi wa nane. Mwezi wa tisa.
Bi Eteri alifulia humo zulia, hakuomba ruhusa.
Mtoto wa Nugzari alifanyia humo hesabu za shule,
kichwa upande wa tundu.
Paka alilijaribu, akaliona baridi.
Mimi nilikuwa nikioga kwa jagi, nimechutama jikoni,
na kila asubuhi nalitazama toka roshani
kama mtu anayemwona mchumba wake
akicheza ngoma na mtaa mzima.

Oktoba, Nugzari alishusha makreti ya zabibu
toka kwa nduguye, Kaheti.
"Hodhi lenu ni safi?" aliuliza,
huku keshaanza kulisugua.
Basi tukavua viatu.
Bi Eteri alikunja sketi, akaingia wa kwanza,
mguu mmoja kwa ajili ya divai,
mwingine kwa ajili ya drili yetu,
akizitaja siku zote tulizomwamsha, tarehe kwa tarehe,
na juisi ikimpanda hadi magotini.
Nilimshika mkono asiteleze.
Ulikuwa mwepesi. Sikuutarajia.

Novemba Jumberi akatokea.
Alitazama ngazi, akatazama roshani,
akang'oa kitalu cha mbao, akafunga kamba mbili.
Dakika arobaini.
"Mngeniambia," akasema, "ningekuja."
Tulimwambia mara kumi na moja.

Bafu halina mlango bado; tumetundika blanketi.
Nilifungua maji ya moto, nikaingia
na chokaa yangu yote ya mwaka.
Kando ya tundu palikuwa na duara la zambarau
ambalo Vazha alilisugua kwa siki, kwa magadi, kwa matusi.
Halitoki.
Nikazamisha masikio.
Ndani ya maji jengo zima linasikika:
redio ya mtu, kisu juu ya ubao,
mtoto akikariri mara saba, mara nane.

Kisha bomba.
Ngo.
Ngo.
Nikangoja.
Ngo.

Sijui lina maana gani.
Nikanyoosha mguu,
nikajibu kwa kisigino.