Kidoti

Arusi ya Mwantumu ilikwenda siku tatu,
video yake ikawa nzito kama mfuko wa simenti ya Pongwe.
Kaka yake, Mhina, yuko melini,
huko mtandao hugawiwa kwa kijiko.
Akaniandikia: "Ngoma na keki niachie.
Nataka pale tu mama anapompaka hina. Dakika nne.
Baada ya pale, unajua."

Najua. Tulimzika mwezi uliofuata.

Nakaa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
mji uliopigwa rula:
njia kwa namba, vitalu kwa namba,
kama kioo cha kompyuta yangu ukikisogelea mno:
viraka vya mraba, kila kimoja na rangi yake,
kila kimoja hakimjui jirani.
Pikseli huulizwa moja moja, mara thelathini kwa sekunde:
Wewe rangi gani? Na wewe? Na wewe?
Nikaibana video ipungue.
Ikapungua kweli,
na vidole vya mama yake vikawa matofali.

Nikarudia kumtazama.
Bi Mwanakombo hapaki nukta.
Anaanzia kifundoni, anapinda, anashusha pumzi,
anakomea ukuchani.
Mstari mmoja, mkono haujainuka.

Nikasema, kumbe.
Usinihesabie punje za mchele, niambie sinia lilivyo.
Nipe unapoanzia mstari, unapopinda, unapokomea,
na fremu inayofuata
niambie tu umesogea kiasi gani.
Ua la hina ni lilelile
kiganjani mwa kichanga au ubavuni mwa lori:
likikuzwa halipasuki.

Nilikesha usiku tano. Umeme ulikatika katika mbili.
Kanga zilikubali upesi, pindo ni pindo.
Mkeka ukakubali, na dirisha, na mdomo wa birika.
Moshi wa udi ukagoma.
Moshi hauna ukingo wa kushika;
nikauchora, ukasimama kama kamba ya kuanikia.
Nikaufuta.
Chumba kikabaki hakina harufu.

Megabaiti tatu. Nikatuma.

Jibu lilichukua siku mbili:
"Imefika. Nimeiona kwenye simu,
kisha kwenye televisheni ya mabaharia, pana kama mlango,
haikuchakaa hata chembe.
Mikono ni yake.
Ile ya kujifuta kidole gumba begani, na kanga ni mpya, ni yake.
Ila huyo mama ni nani?
Umempa uso wa sahani."

Sikulala vizuri. Nilijua kosa si la mistari,
mistari ilifanya ilichoagizwa.

Nikairudia ile nzito.
Nikamkuza, nikamkuza, hadi akawa viraka,
na hapo, chini ya jicho la kushoto,
kile kidoti alichozaliwa nacho,
ambacho watoto wa mtaa tulidhani ni wanja umemdondoka.
Programu yangu ilikisoma kama uchafu wa lenzi.
Ningeilaumuje?
Hakianzii popote, hakipindi, hakikomi.
Kipo tu.

Nikakirudisha kwa mkono:
pikseli moja, hudhurungi,
nikaifunga kwenye mstari wa shavu
ili akicheka iende naye.
Fremu elfu saba na mia mbili.
Kuna mahali, karibu na mwisho, anageuka kumwitia mtu maji,
kidoti kinaingia kivulini, kinapotea,
nami nikakiacha kipotee,
kisha kinarudi.

Faili halikunenepa sana.
Nikatuma alfajiri, bando likiwa bei ya usiku.

Safari hii Mhina hakuandika.
Alituma sauti, sekunde kumi na moja:
injini ya meli,
injini ya meli,
mtu anavuta kamasi,
injini.