Pipa la Saba

Nilivuka Songwe na begi moja,
kibali mfukoni, mhuri bado mbichi.
Tukuyu ikanipokea kwa mvua,
Mama Tusajigwe kwa gambuti
zilizonizidi namba mbili.

Kazi: kuosha chupa, kumenya ndizi,
usiku kuyasikiliza mapipa ya divai.
"Yakinyamaza, niamshe."

Yananong'ona kama watu wa kwetu Karonga
wakisali kimoyomoyo.

"Ndaga," nashukuru sokoni. Wanacheka:
lafudhi yangu imevuka mpaka,
haijagongewa mhuri.

Mama akipiga simu, mzee wa kanisa yule,
namwambia nimepata kazi ya juisi.
"Juisi gani hiyo inalindwa usiku?"

Mvua inapiga bati. Nachungulia pipa la saba;
povu limepanda.
"Ile isiyotaka, mama,
kubaki kama ilivyokuja."